Mtoto Mmoja, Gia Tano

Sikarang Dhuwur,
Jumatano, siku ya Legi katika juma letu la soko la siku tano.

Kwa Bu Rumiyati,
Mwenyekiti, Ushirika wa Wasafirishaji Mboga,
Sikarang Dhuwur.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA UAMUZI WA KUNIONDOA KWENYE USUKANI WA LORI LANGU MWENYEWE JUMAPILI IJAYO

Mheshimiwa Bu Rum,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lako lililogongwa ndani ya kabini yangu wiki iliyopita limepona. Mimi ni mzima. Mguu wangu wa kulia nao ni mzima, na hilo ndilo linalonifanya niandike.

Unanijua, lakini kwa faida ya kumbukumbu za ofisi, ambazo najua huhifadhiwa kwenye kopo la biskuti, nitajieleza. Mimi ni Ngadimin, dereva wa lori la njano lenye maandishi nyuma yasemayo MTOTO MMOJA, GIA TANO. Chini ya maandishi kuna picha ya binti yangu Wening alipokuwa na miaka sita. Mchoraji alimpaka rangi ya mdomo na kumrefusha shingo bila kuniuliza, na tangu hapo madereva wa bondeni hudhani ni mwimbaji. Nimeendesha miaka ishirini na miwili, kabichi na viazi kushuka, mbolea na abiria wa bure kupanda. Sijawahi kuanguka. Kuku niliowagonga ni wanne, na wawili kati yao walikuwa na makosa.

Jumamosi Wening anaolewa hapa nyumbani. Jumapili majirani wote watamsindikiza kwa malori matatu mpaka Kalitengah kwa wakwe zake, kilomita kumi na tisa, kona thelathini na moja. Kama desturi, bibi harusi hukaa kabini, lori la kwanza. Lori la kwanza ni langu. Kwa wiki tatu sasa lori hilo limekuwa likinguruma vibaya kila ninapobadilisha gia, na kwa sababu hiyo kamati yako, Jumatatu iliyopita, iliamua usukani apewe Pak Tugiyo, na mimi baba mzazi nipande nyuma pamoja na masufuria.

Malalamiko yangu ni haya.

1. KUHUSU MAELEZO YA TATIZO. Kumbukumbu za kikao zinasema, nanukuu, "Pak Ngadimin hukanyaga mafuta hovyo anapobadilisha gia." Huu ni uzushi. Kinachotokea ni hiki: natoa mguu kwenye mafuta, nakanyaga klachi, na injini, ambayo kwa adabu ilitakiwa kushuka na kunisubiri, inapanda resi yenyewe mpaka vioo vinatetemeka. Wakati huo mguu wangu wa kulia uko hewani, Bu Rum. Hewani kabisa. Nilimwalika katibu wako aje ashuhudie, akainama chini ya usukani kutoka kona ya tano mpaka ya tisa, akiangalia mguu wangu mtupu, maana sandali huwa naziacha mlangoni kama mtu yeyote mwenye heshima na kabini yake. Alipoinuka aliandika kwenye daftari: "Kucha zinahitaji kukatwa." Hakuandika neno lingine. Kucha nimekata. Lori bado linanguruma.

2. KUHUSU FUNDI. Nimempelekea Kang Darmanto lori mara tatu, na mara tatu amenidhalilisha mbele ya wateja.

Mara ya kwanza alivuta handbreki, akaweka gia ya nne, akaachia klachi polepole. Injini ikazimika papo hapo. Akaniambia, "Umeona, Pak Min? Klachi ingekuwa inateleza, injini ingeendelea kupiga kelele na sisi tumekaa hapa hapa. Hii imeshika barabara." Kisha akaliendesha mpaka kwenye mianzi na kurudi. Mimi nilikaa kwenye benchi nikimalizia chai yangu ya mfuko wa plastiki, ile ya kufungwa kwa raba na kunywewa kwa mrija, maana sipendi kumwachia mtu mwingine chai yangu aitikise. Lori lilikwenda kimya. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya. Sijawahi kulisikia likiwa na adabu vile.

Mara ya pili aliinamisha kabini, akapaka grisi waya wa mafuta mwanzo mpaka mwisho, akabadilisha springi ya kurudishia pedali, akaondoa na zulia la chini lisije likawa linaibana pedali. Akaenda mpaka kwenye mianzi. Kimya. Nilikuwa kwenye benchi na chai yangu, na nakiri siku hizi chai ni nyingi kiasi kwamba nilikuwa bado sijafika nusu aliporudi.

Mara ya tatu alikagua pampu, akakagua mipira yote, akagusa hata kile kitufe cha kuongezea mafuta kwa mkono asubuhi za baridi, akakikuta kimerudi ndani mpaka mwisho kama kinavyotakiwa. Akafuta mikono. Akasema kwa sauti ambayo hata muuza tempe, zile keki za soya, wa ng'ambo ya barabara aliisikia, "Pak Min, mimi hutengeneza chuma. Lori lako ni zima. Mguu mpeleke kwa mkandaji."

Wateja wakacheka. Mmoja wao alikuwa na baiskeli, Bu Rum. Nimechekwa na mtu wa baiskeli.

3. KUHUSU TABIA YA LORI LENYEWE. Nililazimika kufanya uchunguzi wangu, nikaandika kwenye kalenda. Matokeo: lori hunguruma asubuhi tu, likishuka. Mchana likipanda kurudi, ni kondoo. Nikajiuliza, kuna tofauti gani? Asubuhi lina kabichi, mchana ni tupu. Basi ni kabichi.

Nikashuka na nusu ya kabichi. Likanguruma. Nikashuka na viazi vitupu. Likanguruma. Nikashuka bila mzigo wowote, jambo lililowafanya watu wa sokoni waniulize kama nimefiwa. Likanguruma pia. Kwa hiyo kabichi hazina hatia, na ninaomba radhi kwa yale niliyoyasema kuhusu kabichi za shamba lako mbele ya watu. Kilichobaki ni asubuhi yenyewe. Napendekeza ushirika uchunguze uwezekano wa kushuka mchana na kupanda asubuhi. Najua soko hufungwa saa nne, lakini soko nalo halijawahi kuulizwa maoni yake.

Zaidi ya hayo, lori hili ni nafiki. Mbele ya fundi ni mcha Mungu. Mbele yangu mimi niliyelipaka rangi, niliyelilisha oili safi, niliyelifanyia dua na wali wa njano kila mwaka, linapiga kelele. Kama kuna kifungu cha sheria za ushirika kinachohusu unafiki, naomba kitumike.

4. KUHUSU HESABU ZA MBAH SUM. Nisingependa kumtaja, lakini kamati ilimtaja kwanza. Mbah Sum, anayetafutia watu siku njema za harusi, aliulizwa na mjumbe mmoja apige hesabu ya mimi na lori. Kila siku ya juma ina namba yake, na kila siku ya soko pia. Mimi nilizaliwa Jumamosi ya Pahing: tisa na tisa, kumi na nane. Lori lilitoka kiwandani Jumanne ya Wage: tatu na nne, saba. Jumla ishirini na tano. Akagawa kwa tano, idadi ya gia. Hakikubaki kitu.

Akasema, "Min, mngekuwa wachumba ningewakataza."

Nikamkumbusha kwamba tumeishi pamoja miaka kumi na minne bila ugomvi. Akajibu, "Wengi husema hivyo mwaka wa kumi na nne." Kisha akala karanga zangu zote. Nataka ijulikane kwamba kwa hesabu hiyo hiyo nilimpigia hesabu Kang Darmanto na spana yake namba kumi na saba, nao hawafai kuwa pamoja, lakini hakuna aliyemnyang'anya spana.

5. KUHUSU UZUSHI KWAMBA TATIZO NI MOYO. Hili limeanzia nyumbani kwangu na sasa limefika mpaka kwenye kibanda cha bakso, ile supu ya vitonge vya nyama. Mke wangu, nilipokuwa nimeinama chini ya usukani na tochi mdomoni, alikuja akasimama na ungo wake wa mchele akasema, "Pakne, tangu tarehe ilipopangwa unakanyaga kila kitu kwa hasira. Ngazi unakanyaga kwa hasira. Jana umekanyaga paka. Sembuse mafuta?"

Nikamwambia paka alikuwa amelala njiani.

Akasema, "Amelala hapo miaka minane."

Kutoka hapo habari zikaenea kwamba Ngadimin anamlilia binti yake kwa kutumia injini. Kibandani wananiuliza, "Vipi Pak Min, leo umelia mara ngapi mpaka kona ya ishirini?" Wanahesabu, Bu Rum. Kijana wa bakso anapiga kijiko kwenye bakuli kila lori langu linapobadilisha gia juu ya mlima, na watu wazima wanashangilia.

Naomba iandikwe rasmi kwamba mimi sina huzuni yoyote. Binti anaolewa, ni neema. Mkwe wangu Aji ni kijana mzuri, anaswali, havuti sigara kuliko kiasi. Kosa lake ni moja tu, kwamba anaishi kilomita kumi na tisa chini yetu, na mpaka leo hakuna aliyemuuliza kwa nini. Huko hakuna baridi. Sijui mtu anayekua bila baridi anakuwa mtu wa aina gani, lakini nimenyamaza. Aliyenyamaza hivi hawezi kuambiwa ana moyo mguuni.

6. KUHUSU PAK TUGIYO. Sina ubaya naye. Ni mtu mpole. Ni mpole kiasi kwamba bata humpita barabarani na kugeuka kumwangalia. Anabadilisha gia taratibu mno, abiria hawajui kama amebadilisha mpaka wafike. Hapigi honi. Hali wala hanywi chochote ndani ya kabini yake, hata maji, eti kabini ni mahali pa kazi. Mtu kama huyo tutamwita dereva au mlinzi wa makumbusho?

Kamati ilimpa lori langu Ijumaa alijaribu. Nilimkabidhi likiwa safi, nimetoa kila kilicho changu: sandali, redio, mto wa mgongo, chai. Akaenda mpaka kona ya kumi na kurudi. Kimya kabisa. Wajumbe wakatazamana. Kisha kwenye dua ya lori, ile ncha ya mlima wa wali wa njano, ambayo kwa kawaida hukatiwa mwenye lori, mkamkatia Pak Tugiyo. Mimi nilipewa yai na kichwa cha kuku. Yule kuku alinitazama kama mjumbe wa kamati.

6 TENA (nilisahau). Pak Tugiyo alinifuata baadaye akaniambia kwa upole wake ule, "Kang Min, nikimwendesha Wening nitaendesha kama ninabeba mayai." Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, na hilo pia ni lalamiko.

7. KUHUSU WEWE MWENYEWE, MWENYEKITI. Naomba usichukie. Jumanne ya wiki iliyopita ulipanda nami kwenda mjini kuchukua mihuri. Kona ya nne nilibadilisha gia, lori likanguruma, ukashika mlango. Kona ya sita likanguruma tena, ukasema, na muuza tofu wa pale ni shahidi, "Pak Min, mguu wako umerogwa au umelala?" Kona ya saba uliuchukua mfuko wangu wa chai uliokuwa ukining'inia na kukugonga goti, ukaupakata, ukafumba macho, ukaanza kusoma dua kwa sauti.

Kuanzia hapo, Bu Rum, lori lilinyamaza. Kona ya nane, kimya. Kona ya kumi na tano, kimya. Gia ya tatu iliingia kama kisu kwenye tofu. Ulisoma mpaka mjini na halikunguruma hata mara moja. Uliposhuka na kunirudishia chai yangu, nikaitundika mahali pake, nikasogea mita hamsini kuelekea sokoni, likaanza upya.

Ushahidi huu unaonyesha wazi kwamba tatizo hutulia kwa dua zako. Wewe, ukiwa na tiba hiyo mdomoni, ulikwenda kwenye kikao Jumatatu na hukuwaambia wajumbe. Sisemi ulificha. Nasema tu kwamba muhtasari hauna neno hilo, na kucha zangu zimo.

Baada ya kueleza hayo, naomba ushirika ukubali moja kati ya maombi yafuatayo, niliyoyapanga kuanzia jepesi.

(a) Kwamba Jumapili niendeshe mwenyewe, na wewe Mwenyekiti ukae kabini kati yangu na binti yangu, ukisoma dua kona zote thelathini na moja bila kupumzika. Maji ya kunywa nitatoa mimi.

(b) Kama koo lako halitaruhusu, basi niendeshe mwenyewe kwa gia ya pili tu, mwanzo mpaka mwisho. Nimelitafakari sana jambo hili. Lori halingurumi likiwa ndani ya gia. Hunguruma wakati wa kubadilisha. Kwa hiyo lori halina tatizo la injini, lina tatizo la mabadiliko. Asiyebadilisha gia hana tatizo. Tukiondoka mara baada ya swala ya alfajiri tutafika adhuhuri, na wakwe watakuwa na muda zaidi wa kupika.

(c) Kama gia ya pili nayo italeta maneno, basi naomba safari ya Jumapili iahirishwe mpaka lori lipone. Ndoa ifungwe Jumamosi kama ilivyopangwa, sitaki kuvuruga mipango ya mtu. Ila kuhama si lazima kufanywe kwa pupa. Wening anaweza kuendelea kukaa kwetu, chumba chake kipo, blanketi lake lipo. Mume wake anakaribishwa kuja kumtembelea Alhamisi, akitaka na Jumatatu. Kwa kasi ya uchunguzi wa Kang Darmanto, nakadiria matengenezo yatachukua miaka miwili, labda mitatu.

Naamini ombi (c) ndilo lenye busara zaidi, na ningeshukuru likipewa kipaumbele.

Nakutakia afya, wewe na goti lako. Nisalimie mzee wa nyumbani, mwambie jeki yake iko kwangu na iko salama. Nisalimie katibu na daftari lake. Wasalimie wajumbe wote, hata yule aliyecheka. Mbah Sum mwambie karanga zimekwisha. Kang Darmanto msalimie kwa kifupi. Pak Tugiyo msalimie vizuri, si kosa lake kuwa mpole.

Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wako mtiifu katika ushirika, mwenye miguu miwili mizima,

Ngadimin
Dereva, MTOTO MMOJA, GIA TANO

Tanbihi. Bu Rum, samahani kwa bahasha kuchanika. Nilikuwa nimeifunga kwa punje za wali na nimelazimika kuifungua njiani. Naandika haya nimeegemea usukani, kona ya kumi na mbili, lori limesimama, mawe mawili chini ya tairi.

Asubuhi hii nilikuwa nakuletea barua mkononi huko sokoni. Wening alipanda nami, anakwenda kwa fundi cherehani kujaribu kebaya yake, blauzi ya harusi ya Jumamosi. Kona ya kumi nikabadilisha gia, lori likanguruma kama kawaida. Wening akaona raba ya mfuko wa chai imelegea, akauinua aikaze. Lori likanyamaza. Akautundika. Likanguruma. Akauinua tena, safari hii akinitazama. Likanyamaza. Hakuwa anasoma dua yoyote, Bu Rum. Alikuwa anatafuna tempe.

Akaniuliza, "Bapak, hiki unachotundikia chai ni nini?"

Nikamjibu, kwa sauti ya mwalimu, "Hicho ni kitufe cha kuongezea mafuta kwa mkono. Ukikivuta, injini inapanda resi. Ni kwa ajili ya asubuhi za baridi."

Nilimaliza kusema ndipo nikajisikia. Miaka ishirini na miwili ya udereva, Mwenyekiti, na nimejieleza mwenyewe kama kwa mtoto wa shule. Kishikizo cha kitufe hicho kililegea zamani. Uzito ukining'inia, barabara ikirusha, kinatoka kidogo kidogo; uzito ukiondoka, kinarudi ndani chenyewe. Nikiwa na mguu kwenye mafuta sijui. Nikiutoa nibadilishe gia, ndipo injini inasema. Chai ikinywewa sokoni, mchana kimya. Chai ikiwa nami kwenye benchi, fundi anashinda. Chai ikiwa mapajani mwako, dua zinakubaliwa.

Nikajitetea. Nikamwambia nimetundika chai hapo miaka yote, kwa nini ianze wiki tatu zilizopita?

Akazungusha raba kidoleni. Kisha akasema, "Zamani nilikuwa nakufungia mfuko mdogo. Tangu tarehe ipangwe nakufungia ule mkubwa, na sukari ya kutosha. Nilikuwa nawaza, nikishaondoka nani atakuchemshia? Ibu huwa anaisahau jikoni mpaka inaungua. Basi nikasema ngoja unywe nyingi sasa hivi."

Nimesimamisha lori hapa. Tumeinywa yote, mrija mmoja, kwa zamu. Baadaye akaniuliza, "Bapak, moshi umekuingia?" Nikasema ndiyo, dizeli ya siku hizi ni mbaya. Akasema injini imezimwa, Bapak. Nikasema ni ya lori lingine. Hapakuwa na lori lingine, Bu Rum, nawe unaijua kona ya kumi na mbili.

Kwa hiyo naomba malalamiko yangu yote, kuanzia la kwanza mpaka la saba, na lile la sita la pili, yafutwe. Maombi (a), (b) na (c) yafutwe pia, hasa (c), na tafadhali (c) asiione mke wangu. Kang Darmanto usimweleze chochote. Nitamwambia mwenyewe siku moja, tukizeeka.

Nina ombi moja jipya. Jumapili mpe Pak Tugiyo usukani kama mlivyoamua. Nilikwambia mguu wangu ni mzima, na umethibitika kuwa mzima mbele ya shahidi. Ni macho ambayo sikuyataja, na barabara ina kona thelathini na moja. Nisipandishwe nyuma na masufuria tu. Nikae katikati, Wening dirishani, Pak Tugiyo aendeshe kama anabeba mayai. Na mfuko mkubwa wa chai, nitaushika mimi mwenyewe kwa mikono miwili mpaka Kalitengah.